AP, IB au PSEO: njia ipi imfae mtoto katika haiskuli ya umma, vitongojini mwa Minneapolis

Mzazi aliyesomea Kenya au Tanzania akihamia Brooklyn Park, Brooklyn Center au Maple Grove, huja na swali alilokua nalo: shule nzuri ni ipi? Nyumbani swali hilo lina jibu. Mtoto akiitwa Alliance au Mang'u, Kilakala au Ilboru, ukoo mzima unapumua. Haiskuli ya umma ya kitongoji cha Marekani haiendi hivyo. Inapokea kila mtoto wa eneo lake, mwenye alama za juu na mwenye alama za chini, kisha inawatawanya ikiwa imeshawapokea. Watoto wawili waliopanda basi moja asubuhi wanaweza kuhitimu siku moja, mmoja akiwa na krediti (vipimo vya masomo aliyokamilisha) za mwaka mzima wa chuo, mwenzake akiwa na cheti kitupu. Ndiyo maana kulinganisha majina ya shule hakutufikishi mbali. Cha kulinganisha ni njia zilizomo ndani ya shule, na hapa Minnesota zinazozungumzwa zaidi makanisani, misikitini na kwenye magrupu ya WhatsApp ni tatu: AP (Advanced Placement, masomo ya kiwango cha chuo yanayofundishwa haiskuli), IB (International Baccalaureate, diploma ya kimataifa ya haiskuli) na PSEO (Postsecondary Enrollment Options, kusoma chuoni ukiwa bado mwanafunzi wa haiskuli).

Nazilinganisha nikiwafikiria watoto wetu hasa: wanaozungumza Kiswahili nyumbani, ambao mama yuko zamu ya usiku na baba zamu ya mchana, na ambao hawana kaka wala shangazi aliyetangulia kupita mfumo huu akawashika mkono.

Hakuna KCSE

Hili lazima litangulie, kwa sababu asiyelijua atachagua vibaya hata akipewa njia bora. Jimbo la Minnesota linataka mwanafunzi amalize angalau krediti 21.5: miaka minne ya Kiingereza, mitatu ya hesabu, mitatu ya sayansi, mitatu na nusu ya elimu ya jamii, mmoja wa sanaa, na zinazobaki ni za masomo mengine, mengi yake ya hiari. Hakuna mtihani wa mwisho unaoamua kila kitu. Ile mitihani ya jimbo inayoitwa MCA, ya kusoma katika darasa la 10 na ya hesabu katika darasa la 11, inapima shule. Haimpi wala kumnyima mtoto cheti.

Chuo kikuu kinatazama rekodi ya alama zote tangu muhula wa kwanza wa darasa la 9. Yule kijana anayejiambia atacheza sasa na kujikaza mwaka wa mwisho, kama wengi wetu tulivyofanya tukifika form four, huku ameshaumia. Alama ya D ya hesabu aliyoipata akiwa na miaka 14 inasafiri naye mpaka kwenye maombi ya chuo. Mtihani wa kuombea vyuo, ACT, upo, wenye alama ya juu 36, na wilaya ya shule inatakiwa kumpa mwanafunzi nafasi ya kuufanya siku ya shule, bila malipo kwa asiye na uwezo, lakini vyuo vingi siku hizi haviulazimishi. Rekodi ndiyo inayobeba mzigo.

AP: somo moja moja

AP inasimamiwa na College Board, shirika la mitihani la Marekani, na ndiyo njia inayoingilika kwa urahisi zaidi. Mtoto anachukua somo moja analolimudi, kwa mfano historia ya dunia katika darasa la 10, akaliona lilivyo, kisha akaongeza mawili mwaka unaofuata. Mwalimu ni yule yule wa shule. Mwezi Mei kuna mtihani unaosahihishwa nje ya shule, na alama zake ni 1 hadi 5. Vyuo vya umma vilivyo chini ya mfumo wa Minnesota State vinatakiwa kutoa krediti kwa alama ya 3 au zaidi. Vyuo vya binafsi vyenye ushindani mkali mara nyingi hutaka 4 au 5, na vingine havitoi krediti yoyote ila hupenda kuona kwamba mtoto alithubutu.

Uzuri wa AP kwa mtoto wetu ni kwamba alama ya darasani na alama ya mtihani ni vitu viwili. Mtoto aliyefanya bidii mwaka mzima akapata B, kisha siku ya mtihani mambo yakamwendea kombo, bado ana B yake. Alama ya mtihani ataamua mwenyewe kama ataipeleka chuoni au la. Kwa mtoto ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu, kinga hiyo si ndogo.

Ubaya wake ni kwamba krediti zote zinategemea asubuhi moja ya Mei. Tena ada ya mtihani ni karibu dola 100 kwa kila somo. Jimbo linawalipia wa kipato cha chini, ila kuna fomu ya kujaza, na fomu hiyo nitairudia kwa sababu wengi wetu tumeacha kuijaza.

IB: mzigo mzima

Brooklyn Park ina shule ya IB, Park Center, katika wilaya ya Osseo. IB ilianzishwa Geneva mwaka 1968, na diploma yake inachukua darasa la 11 na la 12 kwa pamoja. Mwanafunzi anasoma masomo sita, matatu ya ngazi ya juu na matatu ya ngazi ya kawaida. Juu yake kuna somo la nadharia ya maarifa, insha ya utafiti ya maneno yasiyozidi 4,000, na shughuli za ubunifu, michezo na huduma kwa jamii. Kila somo lina alama 1 hadi 7. Za juu kabisa kwa jumla ni 45, na 24 ndizo za chini za kupata diploma, pamoja na masharti mengine.

IB inamfaa mtoto anayependa kusoma na kuandika, na anayeweza kuibeba kazi ya miezi sita bila kusukumwa. Ile insha peke yake inamfundisha kuuliza swali, kutafuta vyanzo, kuandika, kufuta na kuandika upya, jambo ambalo wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza chuoni hawajawahi kulifanya. Kama familia ina mawazo ya Uingereza, Kanada au kwingineko, diploma ya IB inaeleweka moja kwa moja. Vyuo vikuu vya Uingereza huandika wazi pointi za IB vinazotaka.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wengi hawaambiwi. IB inaruhusu mwanafunzi kusoma fasihi ya lugha yake ya nyumbani kwa kujisomea, chini ya usimamizi wa shule, na Kiswahili kimo. Binti aliyelelewa na bibi yake Mombasa akaja huku na miaka 12 anaweza kuchambua riwaya na mashairi ya Kiswahili na likawa somo kamili la diploma yake. Inategemea kama shule iko tayari kulipanga, kwa hiyo mzazi aulize mapema, darasa la 10 halijaisha.

Asiyetaka diploma nzima anaweza kuchukua masomo mawili matatu ya IB peke yake. Kwa kijana anayefanya kazi jioni, au anayelea wadogo zake mama akiwa kazini, huo ndio mpango wa busara. Matokeo yanatoka Julai, mtoto akiwa ameshahitimu.

PSEO: chuo cha bure, na gharama yake

Minnesota ilianzisha PSEO mwaka 1985, jimbo la kwanza Marekani kufanya hivyo. Mwanafunzi wa darasa la 11 au la 12 anasoma chuoni hasa, na jimbo linalipa karo, ada na vitabu vinavyotakiwa. Kwa watoto wa Brooklyn Park chuo kiko mlangoni: North Hennepin Community College iko mjini humo humo. Kozi moja ya krediti 4 kwa muhula inahesabiwa kuwa angalau mwaka mzima wa somo la haiskuli. Anayesoma chuoni muda wote kwa miaka miwili anaweza kufikisha krediti 60 na kupokea cheti cha haiskuli na shahada ya miaka miwili msimu mmoja. Na akiomba chuo kikuu, kwa kawaida huomba kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, hivyo hapotezi zile skolashipu zao.

Ndiyo maana jina la PSEO linatajwa kwa shangwe kila sherehe ya kuhitimu. Mama mmoja akisema mwanawe amemaliza na shahada, mama wengine watatu wanarudi nyumbani kuwauliza watoto wao, "Na wewe?"

Naielewa shangwe hiyo, na watoto wengi wameifaidi kweli. Lakini PSEO ndiyo njia pekee kati ya hizi tatu inayoweza kumdhuru mtoto kwa miaka mingi, na dhara lake halionekani siku ya kujiandikisha.

Tazama wiki ya kijana wa miaka 16 aliyeingia muda wote mwezi Agosti. Kila kozi inampa karatasi ya mpango wa masomo siku ya kwanza: mitihani miwili, karatasi moja ya utafiti, tarehe zote zimeandikwa. Hakuna atakayemkumbusha tena. Darasa linakutana mara mbili kwa wiki, na saa zinazobaki ni zake. Kwenye ratiba inaonekana kama uhuru. Oktoba anakosa wasilisho moja, anaona aibu kumwandikia mwalimu, wiki inayofuata haendi. Haiskuli mwalimu angempigia mama simu. Chuoni hakuna simu. Na mama akifungua tovuti ya alama aliyozoea, haoni kitu, kwa sababu sheria ya shirikisho inampa mwanafunzi wa chuo haki juu ya rekodi zake hata kama ana miaka 16. Bila idhini yake, kwa kawaida chuo hakimwambii mzazi. Mama anakuja kujua Januari.

Ile F inaingia katika rekodi mbili kwa mpigo. Ya haiskuli inaweza kumzuia kuhitimu. Ya chuo inabaki. Akija kuomba msaada wa fedha wa serikali miaka miwili baadaye, chuo kitaangalia kama ana maendeleo ya kuridhisha: kwa kawaida wastani wa 2.0, na awe amefaulu asilimia 67 ya krediti alizojaribu. Kijana aliyeanguka akiwa na miaka 16 anaweza kujikuta na 18 akiandika barua ya rufaa ili apewe msaada.

Sasa hesabu ya fedha, kwa sababu hoja kubwa ya PSEO ni fedha. Tangu msimu wa mapukutiko wa 2024, Minnesota ina mpango wa North Star Promise: familia yenye kipato cha chini ya dola 80,000 kwa mwaka, kwa hesabu ya fomu za kodi, mtoto wake anasoma vyuo vya umma vya jimbo bila karo, akitimiza masharti. Kwa familia ya aina hiyo, miaka miwili ya PSEO inaokoa muda zaidi kuliko karo, kwani chuo kilekile cha umma kingemsubiri bila karo akiwa na miaka 18. Haraka ya nini, basi? Kwa baba na mama wote wauguzi, ambao pamoja wanavuka kiwango hicho, akiba ni ya kweli na inastahili kupigiwa hesabu.

Jambo la mwisho la PSEO ni krediti zinakokubalika. Ndani ya Minnesota kuna mtaala wa pamoja wa krediti 40 ambao vyuo vyote vya umma vinautambua, kwa hiyo anayelenga University of Minnesota au chuo cha Minnesota State, akichagua kozi zilizomo humo, hapotezi. Anayelenga chuo cha binafsi au jimbo jingine aulize kabla ya kujiandikisha.

Kuna njia ya kati ambayo haipigiwi debe: kozi za chuo zinazofundishwa ndani ya haiskuli na mwalimu wa haiskuli. Mpango wa University of Minnesota unaitwa College in the Schools. Rekodi ni ya chuo, lakini mtoto yuko katika jengo lake, na mwalimu anamjua kwa jina.

Shughuli, ambazo kwetu tunaziita kucheza

Hapa wazazi wetu wengi huona muda unapotea. Mimi naona ndipo tofauti ya njia hizi inapojitokeza zaidi.

Michezo ya haiskuli inasimamiwa na Minnesota State High School League, iliyoanzishwa 1916, na kazi yake haiishii kwenye michezo: imo hotuba, midahalo, maigizo, muziki, hata roboti. Mtoto mgeni anayekaa peke yake saa ya chakula cha mchana hapati marafiki kwa kuhimizwa awe mchangamfu. Anawapata kwa kukimbia nao kila siku baada ya masomo. Mbio za nyika na riadha kwa kawaida hazichuji mtu, na watoto wetu wengi wamepata mahali pao humo. Kocha ndiye mtu mzima wa kwanza asiye ndugu atakayemuuliza mtoto alama zake, maana bila kusonga mbele kimasomo hachezi.

IB imeweka shughuli ndani ya diploma yenyewe. AP inamwacha mtoto shuleni siku nzima, kwa hiyo mazoezi yako mlango wa pili. Mwanafunzi wa PSEO bado anaruhusiwa kuchezea haiskuli yake, kisheria hana kizuizi, lakini lazima awe na usafiri wa kurudi mazoezini, na likizo za chuo haziwiani na za shule. Wengi huacha kimyakimya. Na barua za mapendekezo ambazo vyuo vya binafsi vinazitaka huandikwa na walimu waliomfundisha darasa la 11 na mshauri wa shule anayemjua. Kijana ambaye hajakanyaga jengoni mwaka mzima atamwomba nani?

Onyo moja kwa wanaofikiria kuhamisha mtoto. Minnesota inaruhusu kuomba nafasi katika wilaya nyingine, na maombi ya kawaida hufungwa Januari 15 kwa mwaka unaofuata. Anayeanza darasa la 9 hana tatizo. Lakini akihama akiwa darasa la 10 au 11, na familia haijahama nyumba, kwa kawaida hukaa mwaka mzima bila kuchezea timu ya kwanza. Kwa mtoto ambaye timu ndiyo iliyomshika shuleni, mwaka huo ni mrefu mno.

Matokeo ya shule, na namna ya kuyasoma

Idara ya elimu ya jimbo inachapisha takwimu za kila shule katika Minnesota Report Card. Usiishie kwenye asilimia ya jumla ya waliohitimu katika miaka minne. Shuka chini, uangalie kundi la mtoto wako: wanafunzi weusi, wanaojifunza Kiingereza, wa kipato cha chini. Shule ya kitongoji chenye pesa inaweza kuwa na wastani wa kupendeza huku watoto kama wetu wakiachwa nyuma, na shule ambayo majirani wanaisema vibaya inaweza kuwa inawavusha vizuri kuliko ile.

Ukienda kutembelea, usiulize wana masomo mangapi ya AP. Omba kuchungulia darasa la AP la hesabu uone nani wameketi. Kama nusu ya shule ni watoto weusi na darasani wamo wawili, mshauri aeleze ni kwa nini, na wa kwako ataingiaje.

Ningechagua nini

Kwa mtoto wa kawaida mwenye bidii: darasa la 9 na 10 shuleni, shughuli moja tangu wiki ya kwanza, AP moja au mbili katika darasa la 10 na 11, kisha kozi chache za chuo katika darasa la 12, akiwa bado anarudi shuleni kila siku. Kwa msomaji asiyeshiba vitabu, IB, diploma nzima. PSEO ya muda wote ningempa yule tu ambaye tayari anaamka mwenyewe, anajua kumwandikia mwalimu barua pepe akikwama, na amekubali kuweka saini ili mzazi aone alama.

Kwa kijana wa mikono, PSEO ina mlango ambao tunaupita tu. Kozi za ufundi zimefunguliwa hata kwa darasa la 10 kwa masharti, na Hennepin Technical College ina kampasi Brooklyn Park. Umekanika, uchomeleaji, mitambo: kazi zenye mshahara wa kulea familia. Binti anayetaka uuguzi anaweza kujaribu mafunzo ya msaidizi wa muuguzi, ambayo kwa sheria ya shirikisho hayapungui saa 75, akajua mapema kama kazi inayowalisha nyumbani ni yake au la.

Na kwa aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu au Kakuma akafika hapa na miaka 17, tafadhali msimsukume. Ana haki ya kusoma haiskuli mpaka miaka 21. Huduma za kujifunza Kiingereza ziko shuleni, na mwaka mmoja wa ziada humo utamfaa kuliko krediti 12 zilizojaa C na F. Kiswahili chake nacho kina thamani: Minnesota inatoa mihuri ya umilisi wa lugha mbili kwa wahitimu, na vyuo vya Minnesota State vinatambua mihuri hiyo kwa krediti. Mshauri aulizwe kama wilaya inapima Kiswahili, na lini.

Sasa ile fomu. Tangu mwaka wa masomo wa 2023–24 chakula cha shule ni bure kwa watoto wote Minnesota, na wazazi wengi wakaona hakuna haja tena ya kujaza fomu ya kipato. Fomu hiyo ndiyo inayopunguza ada za michezo na inayofanya mitihani ya AP ilipiwe. Ijaze Agosti, na umtafutie mtoto cheti cha daktari cha michezo, kinachodumu miaka mitatu. Masomo ya mwaka unaofuata huchaguliwa katikati ya baridi, kwenye karatasi ambayo mtoto anaweza kuirudisha bila wewe kuiona. Mwambie aje nayo nyumbani kwanza. Wa PSEO wanaoanza msimu wa mapukutiko wanatakiwa kuiarifu wilaya kufikia Mei 30. Ukimwandikia mshauri leo ukitaka nusu saa na mkalimani wa Kiswahili, shule inatakiwa kukupatia, na hutalipa.